Oili Juu ya Injini: Tafuta Chanzo Kabla ya Kubadilisha Gasketi ya Kava ya Tapeti

Gari la zamani likianza kulowa oili ubavuni mwa injini, mwenye gari hupewa jibu moja kati ya mawili. La kwanza ni "gasketi imeungua", naye anarudi nyumbani akihesabu hela za kufungua silinda hedi. La pili ni "tutapaka silikoni, itatulia", na baada ya muda mfupi oili iko palepale. Majibu yote mawili hutolewa kabla mtu hajatazama oili inatoka wapi. Mwongozo huu ni kwa mwenye gari na kwa fundi kijana anayetaka kujua chanzo kwanza, ndipo ashike spana.

Nitafuata injini za Toyota za 4A-FE, 5A-FE na 7A-FE, kwa sababu ndizo nyingi kwetu: zimo kwenye Corolla za AE100 na AE110, kwenye Sprinter na kwenye Carina zilizoletwa kutoka Japani. Nyingi sasa zina zaidi ya miaka 25, na raba za kiwandani zimeshazeeka hata kama gari limetunzwa. Kama una injini nyingine ya petroli ya silinda nne, njia ya kutafuta kosa ni hiyo hiyo, na pale inapotofautiana nitasema.

## Ni gasketi ipi inayozungumzwa?

Kava ya tapeti ndiyo mfuniko wa juu kabisa wa injini, ule wenye mdomo wa kumiminia oili. Chini yake kuna kamshafti mbili (shafti zinazofungua valvu) na valvu 16. Gasketi yake ni mkanda wa raba unaokaa kwenye mfereji uliozunguka ukingo wa kava. Haishiki moto wa silinda, haishiki maji, wala haibebi presha ya pampu ya oili. Kazi yake ni kuzuia oili inayorushwa na kamshafti isitoke nje. Ndiyo maana hata ikifa gari linaendelea kutembea, na watu huiacha mpaka inaleta madhara mengine.

Gasketi ya silinda hedi iko chini zaidi, kati ya hedi na bloku. Hiyo inabeba kompresheni, maji na oili kwa pamoja. Kuibadilisha ni kutoa manifoldi, belti ya taimingi, kamshafti na boliti za hedi, kisha kupeleka hedi ikapimwe kama imepinda. Ya kava ni kazi ya asubuhi moja, hata kwa mtu anayejifunza. Kwa hiyo usikubali neno "gasketi" peke yake. Mwombe fundi akuonyeshe kwa kidole.

Ya hedi ina dalili zake: maji yanapungua kwenye rejeta bila kuonekana yanapovuja, injini inachemka, mapovu yanapanda kwenye mdomo wa rejeta injini ikiwaka, moshi mweupe mzito unatoka kwenye ekzosi hata injini ikishapata moto, au oili kwenye kijiti cha kupimia imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Kama hakuna hata moja kati ya hayo, na oili iko nje tu sehemu za juu, anza na kava. Wanaoishi kwenye baridi, kama Njombe, Limuru au Kabale, wanaweza kukuta utando mweupe chini ya mfuniko wa kumiminia oili. Kwa gari la safari fupi fupi, mara nyingi huo ni unyevu tu, kwa sababu injini haipati joto la kutosha kuukausha. Chomoa kijiti utazame kabla ya kuogopa.

## Safisha kwanza, ndipo utafute

Oili hushuka, haipandi. Lakini feni na upepo wa mwendo huisambaza nyuma na pembeni, kiasi kwamba tone unaloliona sakafuni linaweza kuwa mbali sana na mahali lilipotokea. Kuangalia injini chafu na kutaja chanzo ni kubahatisha.

Subiri injini ipoe kabisa. Funika distribyuta (kifaa kinachogawa moto kwa plagi), alteneta na njia ya kuingizia hewa kwa mifuko ya plastiki. Paka mafuta ya taa kwa brashi kwenye kingo za kava, ubavu wa hedi na bloku, acha yalegeze uchafu, kisha osha kwa sabuni na maji kidogo. Petroli usiitumie kabisa: mvuke wake unashika moto kwa cheche ndogo tu. Mashine ya maji ya presha pia iweke mbali na mashimo ya plagi, la sivyo utatengeneza tatizo la pili ukitafuta la kwanza.

Ikishakauka, nyunyiza poda ya mtoto, ile ya kawaida ya dukani, kwenye mstari wa chini ya kava pande zote, kuzunguka distribyuta, na kwenye mstari ambapo hedi inakutana na bloku. Endesha kilomita 10 au 20, simama pazuri, fungua boneti na utazame kwa tochi. Poda iliyolowa mahali pa juu kuliko pengine pote ndipo penye chanzo. Vyote vilivyolowa chini yake ni njia tu ya oili. Mstari wa kava ukibaki mkavu na mweupe pande zote, gasketi ya kava haina kosa, na hela yako usiitoe.

Kabla ya yote hayo, angalia jambo moja jepesi: je, oili ilimiminwa bila faneli siku za karibuni? Oili iliyomwagika juu ya kava hushuka taratibu kwa siku kadhaa na kufanana kabisa na uvujaji. Angalia pia raba ya mfuniko wa kumiminia. Ikiwa ngumu na imepasuka, oili itatoka hapo na kuzagaa juu ya kava. Raba hiyo ni rahisi kuliko kitu kingine chochote katika mwongozo huu.

## Harufu ya oili inayoungua ukisimama kwenye foleni

Kwenye injini hizi zilizokaa kimkingamo (kwa upana wa gari) ndani ya Corolla, manifoldi ya ekzosi iko mbele, upande wa rejeta, nyuma ya bati la kukinga joto. Oili ikitoka kwenye ukingo wa mbele wa kava, inaangukia hapo moja kwa moja. Gari likiwa kwenye mwendo, upepo unaondoa moshi. Ukisimama, moshi wa buluu hafifu unapanda pembezoni mwa boneti, na harufu inaingia ndani kupitia njia ya hewa ya dashibodi.

Sababu ya kawaida ni gasketi kukauka upande huo, kwa kuwa ndio unaopigwa na joto la ekzosi kila siku. Ukiitoa utaona: upande wa nyuma bado unapinda, upande wa mbele unavunjika vipande.

Dalili hii usiiache ikae. Oili inayodondokea chuma chenye moto mkali inaweza kuwaka, hasa kama kuna kitambaa kilichosahaulika au uchafu wa majani chini ya bati. Mpaka utakapotengeneza, osha eneo hilo na uwe na kizima moto kinachofanya kazi ndani ya gari. Kumbuka pia kwamba 4A-FE na 5A-FE hubeba karibu lita 3 tu za oili. Lita moja ikipotea ni theluthi, na theluthi hiyo itakosekana kwenye kamshafti na beringi. Pima kijiti kila unapojaza mafuta.

## Gari linamisi, plagi zimelowa oili

Katikati ya kava kuna mashimo manne marefu ambamo waya za plagi huingia. Kila shimo lina mrija, na juu ya mrija kuna sili ya raba inayozuia oili ya kamshafti isimwagikie plagi. Hizi sili nne huzeeka pamoja na gasketi, lakini hazionekani kutoka nje, ndiyo maana husahaulika.

Dalili zake: gari linashtuka-shtuka ukikanyaga mafuta, linatetemeka likiwa limesimama, linakula mafuta kuliko kawaida, na asubuhi za mvua hali inazidi. Vuta waya wa plagi moja moja (injini ikiwa imezimwa) na utazame ncha yake. Ikitoka imepakaa oili, au raba yake imevimba na kulainika, umepata jibu. Oili yenyewe haipitishi umeme, ila inalegeza raba ya waya na kukusanya uchafu, na moto wa plagi unapata njia ya kurukia pembeni hadi kwenye chuma badala ya kwenda kwenye ncha ya plagi.

Watu wengi hubadilisha plagi na waya hapa, gari linatulia mwezi mmoja au miwili, kisha linarudi kumisi kwa sababu sili bado inavuja. Wengine hubadilisha gasketi ya ukingo peke yake na kuacha sili. Ukifungua kava, badilisha vyote kwa pamoja. Ukinunua, uliza kama seti ina sili za mirija ndani yake, maana zipo zinazouzwa bila.

Usifungue plagi wakati shimo limejaa oili. Inyonye kwanza kwa bomba la sindano lenye mpira mwembamba, kisha malizia kwa kitambaa kilichofungwa kwenye kijiti. La sivyo oili yote na mchanga uliomo vitaingia ndani ya silinda. Oili kidogo itaungua na kutoka moshi kwa dakika chache, lakini mchanga utakwaruza ukuta wa silinda, na mkwaruzo huo haufutiki.

Kama shimo lina maji badala ya oili, chanzo ni uoshaji wa injini. Kausha, angalia raba za juu za waya, na tatizo limeisha.

## Oili inashuka upande wa gearbox

Hapa ndipo kosa la kutambua chanzo linapogharimu zaidi. Oili ikionekana kati ya injini na gearbox, hukumu ya haraka ni sili ya nyuma ya krankshafti (shafti kuu ya injini), na hiyo haifikiki bila kushusha gearbox. Kabla ya kukubali, panda juu kwa macho. Mwishoni mwa hedi, upande huo huo, kuna distribyuta, na kati yake na hedi kuna oringi moja ya raba. Ikikauka, oili inashuka nyuma ya hedi, inapita juu ya gearbox, na kudondoka chini kabisa mahali pale pale ambapo sili ya krankshafti ingedondoshea. Juu kidogo ya hapo kuna kona za kava ya tapeti, nazo hupenda kuvuja.

Poda itakuamulia. Kona za kava zikilowa, ni kava. Kava ikiwa kavu na chini ya shingo ya distribyuta pamelowa, ni oringi. Vyote viwili vikiwa vikavu na chini pamelowa, basi sasa una sababu ya kuzungumzia sili ya nyuma.

Oringi ya distribyuta ni kazi ndogo, ila kabla ya kulegeza boliti zake piga alama kwa kisu au rangi mahali ilipokaa, kwa sababu kuizungusha kidogo tu kunabadilisha taimingi ya moto. Ukimaliza, hakiki kwa taa ya taimingi: nyuzi 10 kabla ya pistoni kufika juu, terminali TE1 na E1 zikiwa zimeunganishwa kwenye kiboksi cha uchunguzi. Ukifungua kifuniko cha distribyuta ukakuta oili ndani yake, oringi ya nje si mkosaji. Ni sili ya shafti ya ndani, na gari kama hilo litamisi hata ukibadilisha kava mara kumi.

## Oili inaonekana upande wa belti

Ikiwa ukingo wa kava juu ya belti umelowa, ni kava. Ikiwa oili inatoka ndani ya kifuniko cha belti ya taimingi, chanzo ni sili ya kamshafti au ya mbele ya krankshafti, na hapo hakuna kusubiri, kwa sababu oili inaozesha belti. Ikikatika, gari linazima popote lilipo. Badilisha sili na belti kwa safari moja. Kosa hili ni mada nyingine na sitalirefusha hapa.

## Gasketi mpya, bado inavuja

Malalamiko haya ndiyo ninayoyasikia kuliko mengine yote, na karibu kila mara gasketi inalaumiwa bure. Kuna sababu kadhaa, nami nitaanza na ile inayosahaulika zaidi.

Injini haikufungwa kama chupa: inapumua. Gesi kidogo hupenya ringi za pistoni na kushuka kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini), na lazima zipate njia ya kutoka. Njia hiyo ni valvu ya PCV, kidude kidogo kinachokaa kwenye kava na kuunganishwa kwa mpira hadi kwenye manifoldi ya hewa. Mpira mwingine unatoka kwenye kava kwenda kwenye bomba la hewa kabla ya throto. PCV ikiziba kwa utope wa oili, presha inapanda ndani ya injini na kutafuta pa kutokea, na pa kutokea ni gasketi yoyote iliyo dhaifu. Utaweka gasketi mpya ya kava, nayo itavuja. Ukiikaza, sili ya kamshafti itaanza. Ukibadilisha hiyo, kijiti cha oili kitaanza kurushwa.

Kuipima hakuhitaji mashine. Ichomoe, itikise sikioni: inapaswa kulia. Puliza kutoka upande unaoingia kwenye kava, hewa ipite. Puliza kutoka upande wa manifoldi, hewa ipite kwa shida au izuiwe. Ikishindwa, nunua nyingine, ni miongoni mwa spea za bei ndogo kabisa. Kisha kagua mpira wake: ukikuta umebonyea, umepasuka au umejaa utope, nao ubadilishwe. Ukiishaunganisha, washa injini bila kukanyaga mafuta, fungua mfuniko wa oili na uweke kipande cha karatasi juu ya mdomo. Karatasi ikivutwa taratibu, mfumo unapumua. Ikirushwa juu kwa nguvu pamoja na moshi, na PCV ni nzima, basi ringi za pistoni zimechoka. Pima kompresheni kabla ya kununua gasketi nyingine.

Sababu ya pili ni washa za raba chini ya nati. Kava ya 4A-FE hushikwa na nati chache tu, kila moja na washa yenye raba. Raba hiyo ndiyo inayosukuma kava ikandamize gasketi. Ikikauka na kusinyaa, nati inafika mwisho wa stadi (boliti isiyo na kichwa iliyosimama kwenye hedi) na kukaza vizuri mkononi, lakini kava haijakandamizwa. Fundi anahisi imekaza, oili inaendelea kutoka. Ukibadilisha gasketi bila washa hizi umefanya nusu ya kazi.

Sababu ya tatu ni kukaza kupita kiasi, na hutokana na woga. Kiwango cha nati hizi ni karibu newton mita 6, kiasi kidogo mno ambacho mkono uliozoea boliti za tairi haukiamini. Ukizidisha, raba inabanwa mpaka inatoka nje ya mfereji, kava inapinda, au stadi inakatika ndani ya hedi ya alumini. Spana ya torki ndogo ni chombo kinachofaa kununuliwa. Kama huna, tumia racheti fupi, ishike karibu na kichwa, na uishie pale nati inapokataa kwa ulaini.

Kisha kuna silikoni. Gasketi ya raba iliyotengenezwa kwa ajili ya mfereji haihitaji silikoni kuzunguka kote, na kuipaka kote kunaidhuru: raba inateleza kutoka mahali pake inapokazwa. Baya zaidi, silikoni iliyozidi inabanwa kuelekea ndani, inakauka, inakatika vipande na kushuka hadi kwenye chujio la pampu ya oili chini ya sampu. Chujio hilo likiziba, injini inakosa oili, na hasara yake haina uhusiano tena na uvujaji. Silikoni ina mahali pake maalumu: zile kona ambapo vifuniko vya beringi za mwisho za kamshafti vinakutana na hedi, kwa sababu hapo kuna ngazi ndogo ambayo raba peke yake haiwezi kuijaza. Tone dogo kila kona. Kwenye injini zenye vizibo vya raba vya nusu duara mwishoni mwa hedi, navyo vipakwe kidogo. Basi.

Angalia pia kama gasketi ya zamani, au kipande chake, kimebaki kwenye hedi. Kuna kava zilizofungwa raba juu ya raba. Na ubora wa spea yenyewe: iwe umenunua Gerezani (Dar es Salaam), Kirinyaga Road (Nairobi) au Kisekka (Kampala), ipinde mkononi kabla ya kulipa. Raba nzuri inapinda na kurudi bila kubaki na mkunjo. Ilaze kwenye kava yako pale pale dukani kama umekuja nayo. Iliyo fupi inayohitaji kuvutwa ili ifike, au ndefu inayobaki na wimbi, irudishe, hata ukiambiwa kwamba itakaa yenyewe ikikazwa.

Mwisho, kava iliyopinda. Ilaze kifudifudi juu ya kioo kinene na ujaribu kupitisha karatasi chini ya kingo. Hii huonekana zaidi kwenye kava za bati za injini za zamani zaidi, kama za familia ya K za Toyota, ambazo hutumia gasketi ya koki. Koki hukazwa pole pole na kurudiwa baada ya siku chache kwa sababu hulala, na bati lake likipinda kuzunguka tundu la nati hunyooshwa kwa nyundo ndogo juu ya ubao. Kava ya alumini usiipige nyundo, tafuta nyingine.

## Kazi yenyewe

Injini iwe baridi. Toa terminali hasi ya betri. Andika namba kwenye waya za plagi kabla ya kuzitoa: mpangilio wa moto ni 1-3-4-2, na waya mbili zikibadilishana gari litatetemeka au lisiwake. Vuta raba ya waya yenyewe, usivute waya. Toa mipira miwili ya kupumulia, sogeza waya nyingine zilizofungwa juu ya kava, puliza au futa mchanga wote uliozunguka nati na mashimo ya plagi. Hatua hii ya kufuta huonekana ya kupoteza muda, lakini kila punje iliyobaki itaangukia kwenye kamshafti.

Fungua nati kidogo kidogo kwa zamu. Kava ikigoma, igonge pembeni kwa mpini wa nyundo wa mbao au kwa nyundo ya raba. Bisibisi usiichomeke kati ya kava na hedi, kwa sababu mkwaruzo mmoja kwenye alumini ni njia mpya ya oili. Ikishatoka, funika kamshafti kwa kitambaa safi kisichotoa nyuzi.

Sasa tazama ndani. Chuma chenye rangi ya dhahabu au kahawia hafifu ni kawaida. Utope mweusi mzito kama lami unasema oili haijabadilishwa kwa wakati, na utope huo unaweza kuziba matundu ya kurudishia oili kwenye hedi. Oili ikikosa njia ya kurudi chini, inajaa chini ya kava na kuvuja kwa wingi kuliko kawaida. Safisha matundu hayo kwa mkono, bila kusukuma uchafu ndani, na panga kubadilisha oili na filta mapema.

Ng'oa gasketi ya zamani, kisha safisha mfereji wa kava na uso wa hedi kwa kipande cha plastiki au cha mbao, si wembe. Sili za mirija ya plagi zinakaa upande wa chini wa kava. Kwenye baadhi ya kava zimezuiwa na vimasikio vya bati ambavyo unavikunja taratibu, unagonga sili itoke, unaingiza mpya ikiwa imepakwa oili kidogo mdomoni, kisha unarudisha vimasikio. Futa kila mahali gasketi itakapogusa mpaka kitambaa kitoke kikavu. Raba inayokaa juu ya oili inateleza.

Laza gasketi mpya kwenye mfereji, uipitishe kidole kuzunguka yote kuhakikisha haijajikunja. Weka tone la silikoni kwenye zile kona, na usiiache ikae: shusha kava ndani ya dakika chache kabla haijaanza kushika. Ishushe wima, usiikokote. Angalia kwa tochi pande zote kwamba raba haijatoka. Weka washa mpya, anza na nati ya katikati, kisha za pembeni, kwa mizunguko miwili au mitatu hadi ifike kiwango chake.

Plagi zinarudi kwa newton mita 18, waya kwa namba zake, mipira ya kupumulia na PCV mpya. Kama umetumia silikoni, subiri saa mbili kabla ya kuwasha. Ukiweza kuiacha usiku mzima ni bora zaidi.

## Baada ya kuwasha

Moshi kidogo dakika 15 za kwanza ni oili ya zamani iliyobaki kwenye bati la ekzosi, nao utaisha. Ukiendelea baada ya siku mbili tatu, rudia poda. Sauti ya kuvuta hewa, au injini kupanda na kushuka yenyewe ikiwa imesimama, inasema mpira wa PCV haukukaa vizuri. Gari likianza kumisi ambapo halikuwa likimisi, angalia kwanza kama waya za plagi zimebadilishana.

Usirudi kukaza nati za gasketi ya raba baada ya wiki kwa kudhani unaongeza usalama. Raba haihitaji hivyo, ni ya koki tu inayotaka.

Na kama stadi ilikatika wakati wa kufungua, usiifunge kava kwa nati zilizobaki ukitumaini zitatosha. Peleka kwa fundi wa mashine anayejua kutoa stadi iliyokatika na kuweka uzi mpya ndani ya alumini, huku kamshafti na mashimo yote yakiwa yamefunikwa ili vipande vya chuma visiingie ndani.